Akaunti ya Bibi Nimesahau

Ofisini walimwita Chujio, kwa sababu hakuna kilichopita mikononi mwake kikabaki na makapi. Alikuwa mjaribu programu katika kitengo cha kompyuta cha hospitali kubwa, kazi ambayo hata nyumbani alishindwa kuieleza ikaeleweka. Wenzake walijenga, yeye alibomoa. Programu ikishaandikwa, alikaa nayo kama mama mkwe na bi harusi mpya: aliangalia inavyoketi, inavyojibu, inavyoshika kikombe, na jua likitua alikuwa na la kusema.

Chumba chao kilikuwa ghorofani, juu ya mapokezi. Kilikuwa na meza za chuma, feni iliyogeukia upande mmoja tu, na dirisha lililotazama paa la chumba cha kufulia mashuka. Aliyeketi mkabala naye alikuwa Profesa, mwandishi wa programu, ambaye hakuwa profesa wa kitu chochote ila alivaa miwani na kuzungumza kama anayehutubia. Profesa ndiye aliyeandika skripti ya kufungulia akaunti. Ukiipa majina ya wafanyakazi wapya na namba zao za kazi, yenyewe inamfungulia kila mmoja akaunti, inamwekea nenosiri la muda, kisha inamtumia nenosiri hilo kwenye simu. Kazi iliyokuwa ikiwachosha watu siku nyingi sasa ilikuwa ya kubonyeza mara moja na kungoja. Kwa sababu hiyo hiyo Chujio hakuiamini.

Alikuwa na falsafa yake. Watumiaji wa kubuni, alikuwa akisema, wana adabu mno. Ukimtunga mtu kichwani, mtu huyo huandika jina lake vizuri, hubonyeza mara moja, na nenosiri hulikumbuka. Watu wa kweli hawako hivyo. Basi akamtunga mtumiaji mwenye tabia. Mtumiaji huyo aliandika jina mahali pa nenosiri, aliacha nafasi tupu mwishoni mwa kila neno, alibonyeza mara nyingi kama anayebisha hodi kwa kiziwi, na kila herufi ya O aliisoma kuwa sifuri. Akampa jina: Bibi Nimesahau. Kila skripti iliyotaka kutoka katika chumba kile ilipaswa kwanza kumvumilia Bibi Nimesahau.

Ofisi nzima ilijua bibi huyo alichongwa kutoka kwa nani. Chini, kwenye dirisha la mapokezi, palikuwa na karani mtu mzima ambaye alipiga simu kila mara kusema paswedi imemkataa. Profesa aliiweka simu kwenye spika ili wote wasikie. “Mwanangu,” mama yule alikuwa akisema, “mlango umenifungia nje tena.” Akishakata, Profesa aliirudia sauti ile, mkono kiunoni, mpaka fundi wa mitambo kwenye meza ya pembeni akajifuta machozi. Chujio naye alicheka. Hakucheka sana, asije akaonekana anajilazimisha. Wala hakucheka kidogo, asije akaulizwa kulikoni. Alikuwa amekipima kicheko chake.

Jambo ambalo hawakulijua ni kwamba karani yule alikuwa shangazi yake.

Alikuwa dada wa baba yake, toka nitoke. Baba alipofariki, shangazi alikuja na begi moja, akasema atakaa mpaka msiba upoe, na hakuondoka. Alimlea, akamsomesha, na mpaka sasa waliishi nyumba moja, yeye Chujio katika chumba cha uani. Asubuhi walitoka pamoja wakizungumza. Ila wakikaribia geti la hospitali, kamba ya kiatu cha Chujio ilifunguka. Alichutama kuifunga, na shangazi aliendelea na safari yake bila kugeuka nyuma, mkoba kwapani. Alipoinuka, mama wa watu alikuwa keshaingia.

Jambo hilo walikuwa wamelikubaliana. Chujio alipoajiriwa, alimwomba kwamba kazini wasijuane sana, maana watu watasema ameingia kwa mgongo wake. Shangazi alicheka. Mgongo gani, aliuliza, huu unaoniuma nikiinama? Lakini aliona hoja yake, kijana ana digrii yake, ya nini kumtia maneno. Tangu siku hiyo, wakikutana koridoni, alimwita mtaalamu, na alilitamka kwa heshima kiasi kwamba Chujio aliangalia pembeni. Mwanzoni hoja ilikuwa ya kweli. Ofisi ilipoanza kumwiga mama yule, ikageuka kitu kingine, na Chujio akaendelea kuiita kwa jina lake la zamani.

Nyumbani shangazi hakulalamika kuhusu kompyuta hata kidogo. Alichokiogopa ni kuondolewa dirishani. Uongozi ulikuwa umeshawahamisha makarani wawili wa rika lake, ukawapeleka ghala la mafaili, chini kabisa, chumba kisicho na dirisha. “Mimi nimezoea nyuso,” alimwambia Chujio jioni moja akikunja nguo. “Mtu akija amejikunja, namjua kabla hajasema. Kule chini nitamjua nani? Buibui?” Chujio alimwambia hakuna atakayemhamisha. Aliyasema hayo akitazama simu.

Ilikuwa Ijumaa, mchana, siku ya kuijaribu skripti kwa mara ya mwisho. Chujio alitaka kuona jambo moja alilolishuku: je, mtu akiiingizia skripti namba ambayo tayari ina mwenyewe, itakataa, au itamfungulia mgeni nyumba ya watu? Kwa jaribio hilo alihitaji namba ya kweli, na katika kompyuta za hospitali palikuwa na mifumo miwili. Wa kwanza ni ule halisi, wanaoutumia wauguzi na makarani. Wa pili ni wa majaribio, nakala yake, ambao ukiuvunja hakuna anayelia. Yote miwili ilifunguka kwenye skrini kama dirisha jeusi lenye maandishi meupe, na siku hiyo alikuwa ameyafungua madirisha yote mawili, moja kando ya jingine.

Namba aliyoiandika hakuitafuta. Vidole viliijua. Alipokuwa mtoto alisumbuliwa na pumu, na mtegemezi wa mfanyakazi alitibiwa bure ilimradi aitaje namba ya kazi ya mlezi wake pale dirisha la dawa. Namba ya shangazi aliikariri kabla ya jedwali la kuzidisha. Aliitaja akiwa anahema kama mvukuto, akaitaja usingizini, na sasa aliiandika, mbele yake akaweka jina la Bibi Nimesahau, na mahali pa simu akaweka simu yake mwenyewe. Akabonyeza.

Skripti haikukataa. Ilimfuta mwenye namba, ikamweka Bibi Nimesahau, ikaweka nenosiri jipya, na simu ya Chujio ikalia mfukoni kumkaribisha kazini.

Furaha aliyoipata ni ile ya mwindaji. Alimwita Profesa, akamwonyesha, akamwambia nyumba yake nzuri lakini mlango unafunguliwa na yeyote mwenye mkono. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akakiri amepatikana. Walitaniana mpaka muda wa kutoka. Hakuna kati yao aliyelisoma neno dogo lililokuwa mwanzoni mwa mstari, linalotaja ni mfumo upi.

Jumatatu asubuhi simu ililia. Profesa akaiweka kwenye spika.

“Mwanangu, mlango umenifungia nje,” alisema mama wa mapokezi. “Na leo sijasahau.”

Profesa aliwakonyezea wenzake. Alimjibu kwamba hakuna anayesahau, mama, ni kompyuta tu zinazowasahau watu. Akaitafuta namba yake, akaibadilishia nenosiri bila kuangalia jina lililoandikwa juu yake, akamsomea herufi moja moja. Mama alishukuru. Fundi wa mitambo alisema leo sijasahau ndiyo kali kuliko zote. Chujio alicheka kwa kipimo chake.

Huko chini, kila mgonjwa anayesajiliwa hupewa kadi inayochapwa na mashine, na mwishoni mwa kadi, kwa herufi ndogo, huandikwa aliyemsajili. Shangazi hakuzoea kuzisoma herufi zile. Alijua zinasema nini. Wa kwanza kuzisoma alikuwa mzee mmoja aliyekuwa akisubiri daktari na hakuwa na la kufanya. Alirudi dirishani akauliza kwa upole kama hospitali inamfanyia mzaha. Aliyekaa jirani yake akaitazama kadi yake. Mwingine naye akaitazama. Kicheko kilipita kwenye mabenchi yote, ila mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye homa hakucheka. Alisimama, akauliza kwa sauti atamwaminije mtu na dawa za mwanawe ikiwa mtu huyo jina lake mwenyewe amelisahau. Shangazi aliichukua kadi, akainua miwani, akaisoma. Aliikunja kadi ile mara mbili, akaomba radhi, akachukua kalamu na kuanza kuwaandikia watu kadi kwa mkono.

Habari ilipanda ngazi ikiletwa na muuguzi aliyekuwa akicheka njia nzima. Chujio aliisikia mpaka mwisho. Aliifungua kumbukumbu ya Ijumaa, akalisoma lile neno dogo mwanzoni mwa mstari, na lilikuwa linasema alichokwisha kukijua. Wazo lake la kwanza halikuwa zuri: alitaka kulirudisha jina la kweli kimya kimya, asubuhi ile ile, kisha atege masikio. Alikuwa amechelewa. Mkuu wa Utumishi alikuwa keshaagiza akaunti ile ifungwe na isiguswe na yeyote, na wahusika wote wafike ofisini kwake mchana.

Mkuu wa Utumishi alikuwa mama mwenye sauti ndogo, ambayo watu waliinama kuisikiliza, na wakishainama alikuwa ameshawashinda. Alimketisha Profesa upande mmoja na Chujio kando yake. Karani aliketi peke yake mkabala nao, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba. Aliwasalimu wataalamu. Chujio alijibu akiangalia kibandiko cha meza.

Alieleza. Alisema kosa ni lake, kwamba jaribio la mfumo mmoja alilipeleka kwenye mwingine, na kwamba madirisha yanafanana. Yote hayo aliyasema vizuri, kwa maneno ya kitaalamu, na aliyasikia yakitoka kama ya mtu mwenye heshima zake. Mkuu aliuliza jina lile limetoka wapi. Chujio alisema lilikuwa jina la majaribio tu. Profesa aliangalia dari.

“Sawa,” alisema Mkuu. “Kukosea kazini kuna dawa yake. Mimi naulizia namba. Namba ya kazi ni siri ya mwenyewe, tumelitangaza hilo mpaka tumechoka, na anayeigawa hakai dirishani. Kwa hiyo niambie, ya huyu mama uliipata wapi?”

Chujio aliliona jibu limekaa mbele yake. Aliona pia nyuso za ofisini, Profesa akiwa karibu kiasi cha kugusana mabega, na vicheko vyote alivyovipima. “Sikumbuki,” alisema.

Mkuu akamgeukia karani.

Shangazi hakumtazama mpwa wake. Alisema labda aliiacha mahali, labda aliitaja kwa sauti akizungumza na simu. “Uzee, mheshimiwa,” alisema. “Mtu unajisahau. Huyu kijana msimwonee, mimi mwenyewe simjui zaidi ya kumwona koridoni.”

Aliusema uongo huo kwa ulaini, kama anayemfunika shuka mtu aliyelala. Chujio alimjua kuwa mtu asiyesema uongo hata kwa watu wa msikiti na wa kanisa wanaogonga mlango kuomba mchango. Sasa alikuwa akiusema mbele ya mkubwa wake wa kazi, akilitoa dirisha lake, na hakuwa ameombwa na yeyote. Au alikuwa ameombwa. Aliombwa siku ya kwanza kabisa, akakubali, na hakuna aliyerudi kumwambia kwamba imetosha.

Mkuu alishika kalamu. Alisema kwa masikitiko kwamba basi hana namna, mama atapumzishwa dirishani, kule ghala la mafaili kazi si nzito.

“Ni shangazi yangu,” alisema Chujio.

Mkuu aliinama mbele. “Umesema?”

“Huyu ni shangazi yangu. Dada wa baba. Namba hajaigawa kwa mtu, naijua tangu nikiwa mtoto, ndiyo nilikuwa natibiwa nayo hapa hapa. Nakaa kwake.” Alikitazama tena kibandiko cha meza. “Na jina lile nililitunga mimi. Nililitunga kwa kumwangalia yeye.”

Profesa aligeuka kumtazama, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekanyaga kitu gizani akakijua kwa mguu. Alikuwa anakumbuka, bila shaka, sauti zote alizoziiga. Shangazi aliushika mkoba wake kwa nguvu zaidi. Hakuonekana kufarijika. Yeye naye alikuwa amesikia jambo jipya: kuhusu undugu alijua, lakini la kuchongwa na mwanawe mwenyewe hakulijua mpaka dakika ile.

Dirisha halikuchukuliwa. Mkuu aliiweka kalamu, akasema jambo la namba limeisha. Chujio alipewa onyo na kuondolewa kwenye mfumo halisi hadi hapo kitengo kitakapoamua vinginevyo. Akaunti itafunguliwa kesho, na kwa kanuni mwenyewe lazima awepo. Walipotoka, Profesa alimfuata shangazi koridoni na kuanza kusema neno. Shangazi alimwambia arudi kazini, mwanangu, simu zitakuwa zinalia.

Jioni Chujio alimkuta shangazi ameketi jikoni, taa imewashwa, viatu bado miguuni. Alisimama mlangoni.

“Walipokuwa wananicheka,” shangazi aliuliza, “na wewe ulicheka?”

“Nilicheka.”

“Sana?”

“Kiasi.”

Shangazi alikitafakari kiasi hicho. “Bora ungecheka sana,” alisema. “Anayecheka sana kazidiwa. Anayecheka kiasi anajua anachokifanya.”

Chujio alisema nisamehe, shangazi. Alijibu amesikia. Hakusema amesamehe, alisema amesikia, na aliinuka, akavua viatu, akaenda kulala. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Chujio hakutarajia kuambiwa. Alikaa jikoni akijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho alimsikia shangazi akicheka jambo la kazini, akagundua kwamba mambo yote ya kazini aliyoyajua kumhusu aliyapata kwenye spika ya Profesa.

Asubuhi alipoamka, shangazi alikuwa keshatoka. Chujio alikwenda peke yake. Hakupanda ghorofani, alipita moja kwa moja mapokezi, ambako mabenchi yalikuwa yameshajaa. Akaunti ikiwa imefungwa, shangazi aliendelea kuandika kadi kwa kalamu, kichwa kimeinama, na karani wa dirisha la pili alikuwa amemsogezea wino. Chujio alikwenda mbele ya watu wote, akasimama kwenye kioo.

“Shikamoo, shangazi,” alisema, na alilisema kwa sauti ya kusikika.

Karani wa dirisha la pili akaacha alichokuwa anakifanya.

“Marahaba,” alijibu shangazi bila kuinua kichwa. “Foleni inaanzia kule nyuma.”

Watu wa mbele walicheka. Kilikuwa kicheko cha wazi, kisichopimwa, na kilimpata Chujio, masikio yakawaka moto. Alitaka kueleza kwamba yeye si mgonjwa, kwamba amekuja kumwita kwa Profesa akafunguliwe akaunti, kwamba ni suala la kubonyeza tu na foleni yote itakwenda haraka. Akaona kila sentensi inaanza na yeye. Akageuka, akapita mbele ya mabenchi, nyuso zikimsindikiza moja moja, mpaka mwisho kabisa, nyuma ya mwanamume aliyefunga mkono kwa kitambaa shingoni.

Yule mwanamume alimsogelea kidogo. Aliuliza kama mama wa dirishani kweli ni shangazi yake, au alimwamkia tu kwa heshima.

“Ni shangazi yangu,” alisema Chujio. “Ndiye aliyenilea.”

“Basi pole,” alisema mwanamume, na akahama kidogo ili Chujio naye apate pa kuegemea ukuta.